Viatu vya Namba Ishirini na Nane

Nilivinunua kwa Reijo, mlango wa tatu kutoka kwetu,
yuro kumi na tano na pakiti ya kahawa.
Kwenye ulimi wa kiatu kuna majina mawili yaliyokatwa kwa wino:
Aatu, kisha Venla.
Visu vyake vimeliwa na tupa mwaka hadi mwaka
lakini bado vinakata. Nilivijaribu kwa ukucha.

Saa moja asubuhi, Kuhmo, mwezi wa kwanza.
Giza halijafikiria hata kuondoka.
Kipimajoto kinasema kumi na nane chini ya sifuri,
nami nimepiga magoti kwenye sakafu ya raba, nafunga kamba.
Hakuna aliyeniambia mchezo huu huanzia vidoleni mwa mzazi:
vuta, kaza, bana kwa goti, vuta tena.
"Inabana."
Nalegeza.
"Inapwaya."
Nakaza.
Na fundo la mwisho likishakaa sawasawa
Oiva anasema anataka kukojoa.

Nguo tisa, nimezihesabu. Tukavua. Tukavaa.

Ana miaka mitano. Kofia ngumu imemshukia hadi kwenye nyusi,
anaitazama dunia kupitia wavu
kama kuku ndani ya tenga.
Nilidhani nitamwona akiteleza, angalau hatua mbili,
picha ya kumtumia bibi yake.
Alisukuma kiti cha plastiki, kiti kikaenda, yeye akabaki,
akakaa chini, akalala chali,
akakwangua barafu kwa glavu na kuionja.

Mimi nyuma ya kioo:
"Inuka! Goti kwanza! Gongo, shika gongo, Oiva, gongo!"

Mama mmoja pembeni, Tellervo,
anayefuma soksi bila kuitazama sindano,
akasema, "Hakusikii. Kioo ni kinene."
Na baada ya mishono miwili mitatu:
"Bahati yake."

Nikanyamaza.
Sauti ile haikuwa yangu. Niliijua mpaka kikohozi chake.
Baba alisimama hapa hapa, enzi uwanja haujaezekwa,
theluji ikimjaa mabegani, mdomo haufungi,
hata siku moja, nikiwa na miaka tisa,
nikaviacha viatu kwenye basi makusudi.

Kocha ni msichana wa miaka kumi na saba, Iiris,
ana chunusi kidevuni na filimbi asiyoipuliza.
Hakuwaambia watoto wateleze.
"Leo," alisema, "tunaanguka."
Watoto kumi na wanne wakabwagika
kama magunia ya viazi yanayoshushwa lorini,
wakainuka, wakabwagika,
na wangu mimi, aliyekwisha kufanya mazoezi kwa nusu saa nzima,
ndiye aliyeitwa katikati awaonyeshe wenzake.

Garini nilimuuliza alipenda nini.
Aliwaza mpaka tukavuka daraja.
"Ile mashine inayolamba barafu."
"Na mchezo je?"
"Mchezo gani?"

Usiku nimetoa mpira uani.
Si wa kupiga; huu wa maji, wenye kiraka,
unaokakamaa mkononi nikisimama kidogo tu.
Namwaga tabaka jembamba kama ganda la yai. Nasubiri.
Namwaga jingine. Nasubiri, napiga miguu chini.
Ukimwaga yote kwa pupa, chini hubaki mapovu ya hewa,
na kisu cha mtoto kitayaona kabla yako.
Taa ya Reijo imezimwa. Mbwa wa mtu fulani anakohoa.
Nina saa tatu za kulala, nikiingia sasa hivi.

Siingii.
Dirishani amesimama Oiva, nguo za kulalia, kofia ngumu kichwani,
pumzi yake imechora duara kwenye kioo.
Anagonga. Ananiambia jambo, ananyooshea kidole.
Sisikii.
Nadhani anasema pale kwenye kona, karibu na banda, nimeparuka.

Naenda kutazama.
Kweli, pamebaki pakavu.